Kondo la nyuma na kasoro za moyo za kuzaliwa: lipi linaharibu lipi, na tuhifadhi nini?

LebaZamu

Habari za kazi wanajamvi, hasa mlioko patholojia, wodi za wazazi na moyo wa watoto.

Tunaandika utaratibu wa kuhifadhi na kupima kondo la nyuma la kila mtoto ambaye utrasaundi imeonyesha ana kasoro ya moyo, au anayegundulika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Kwa sasa mtoto akishatoka macho yote yanakuwa kwake, na kondo linakwenda kwenye shimo la kondo ndani ya saa moja. Kinachopotea pale hakirudi.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Kwanza, uhusiano wenyewe ukoje: kondo lililojengeka vibaya linaweza kweli kuuharibu moyo, au moyo wenye kasoro ndio unaolidhoofisha kondo? Wodini tumegawanyika. Pili, tukilichukua kondo tupime nini, tukate vipande vingapi na kutoka wapi? Tatu, mama akiwa bado anahudhuria kliniki, kuna la kufanya?

Maabara yetu ina histolojia ya kawaida tu (tishu kukatwa nyembamba na kusomwa kwenye hadubini), parafini na rangi ya H&E. Friza ya nyuzi −80 hatuna, lakini kama ni ya lazima tutaiombea.

Mbegu_na_Moyo

Pande zote mbili za wodi yenu zina hoja, LebaZamu. Njia ziko tatu, na zinaweza kukutana kwa mtoto mmoja: jeni moja inayohitajika kote kuwili, kondo kuudhuru moyo, na moyo kulidhuru kondo.

Anza na kalenda, kwa sababu ndiyo inayokata maneno mengi. Hapa nahesabu kuanzia siku ya utungaji. Kupata wiki za kliniki, zinazohesabiwa tangu hedhi ya mwisho, ongeza mbili. Moyo unaanza kupiga karibu siku ya 22. Siku hizohizo vijidole vya kondo (matawi yake madogo ya kubadilishana virutubisho na mama), ambavyo mwanzo vilikuwa trofoblasti tupu (seli za tabaka la nje zinazojenga kondo), vinakuwa vimeingiwa na tishu ya ndani na kuanza kuota mishipa ya damu. Wiki ya nne ikiisha mishipa hiyo imeungana na ya mtoto kupitia kitovu, na kila pigo la moyo linasukuma damu hadi kwenye kondo. Baada ya hapo mrija wa moyo unapinda, unagawanyika vyumba, na njia moja ya kutokea damu inatengana kuwa aota na ateri ya mapafu. Kufikia mwisho wa wiki ya nane ujenzi wa msingi umekwisha.

Wakati huo wote damu ya mama bado haipiti kwa uhuru kati ya vijidole. Vizibo vya trofoblasti vimekaa kwenye midomo ya mishipa ya mama, na oksijeni ndani ya kondo katika wiki ya 8 ya kliniki iko chini ya milimita 20 za zebaki. Vizibo vinaachia kati ya wiki ya 10 na ya 12 za kliniki, na oksijeni inapanda takriban mara tatu. Kwa hiyo anayesema ukuta wa kati wa moyo haukufunga kwa sababu kondo lilikosa damu ya mama amekosea wakati. Ukuta ule unatakiwa uwe umeshafunga kabla mlango wa damu ya mama haujafunguliwa.

Njia yenye nguvu zaidi katika kipindi hicho ni mzigo na mtiririko. Kondo ndilo eneo kubwa ambalo moyo mchanga unasukumia damu. Mishipa ya vijidole ikiwa michache au myembamba, ukinzani unapanda, na damu inapita ndani ya moyo kwa kasi na mkondo tofauti. Seli zinazotanda ndani ya moyo zinahisi msuguano huo wa damu na kuwasha au kuzima jeni za kujenga vali na kuta. Kwenye kiinitete cha kuku jambo hili limeonyeshwa waziwazi: watafiti wa Leiden, Uholanzi, katika miaka ya 1990 walibana mshipa mmoja unaorudisha damu kutoka kwenye kiini cha yai, bila kugusa moyo, na vifaranga wakapata matundu kwenye ukuta wa kati na aota iliyokaa mahali pasipo pake. Mkondo pekee uliobadilishwa ulitosha.

Kwa panya ushahidi ni wa moja kwa moja zaidi. Mwaka 1999 panya wasio na jeni ya Pparg walionekana kufa siku ya 10 hivi ya ujauzito wakiwa na misuli ya moyo myembamba mno. Walipopewa trofoblasti nzima kutoka kwenye kiinitete kingine, huku miili yao ikibaki haina Pparg, moyo ulijengeka vizuri. Mwaka 2000 ikawa vivyo hivyo kwa jeni ya p38α. Yaani kasoro ilionekana moyoni, lakini chanzo kilikaa kwenye kondo. Kinyume chake ni panya wasio na jeni ya Hand1 (1998): wakipewa trofoblasti nzima wanaishi muda kidogo zaidi, lakini moyo bado haupindi sawasawa, kwa kuwa jeni hiyo inahitajika ndani ya moyo wenyewe. Mifano hii miwili isomwe pamoja. Bila jaribio la aina hiyo hakuna anayeweza kukaa mbele ya hadubini akasema lipi lilitangulia.

Halafu mwaka 2018 mradi mkubwa wa Uingereza ulichunguza aina 103 za panya waliozimwa jeni moja moja. Kati ya zile ambazo vitoto hufa kuanzia katikati ya mimba, karibu asilimia 68 zilikuwa na kondo lenye kasoro, na kasoro hizo ziliandamana sana na za moyo, ubongo na mishipa. Kwa miaka mingi vitoto hao walipimwa mioyo tu, makondo yakitupwa. Kile mnachotaka kukizuia wodini kwenu, LebaZamu, kilikuwa kikitokea hata kwenye maabara kubwa.

Panya_B6

Nyongeza kwa wanaosoma majaribio ya panya, maana hapa ndipo makala nyingi zinapoteleza.

Trofoblasti na mishipa ya mtoto ndani ya kondo havitoki chanzo kimoja. Trofoblasti inatoka tabaka la nje la kiinitete cha mwanzo kabisa; mishipa inatoka kwenye tabaka linalomzaa mtoto mwenyewe, kupitia alantoisi (kichipukizi kinachokuja kuwa mishipa ya kitovu). Kwa hiyo mbinu ya kuchanganya na seli tetraploidi (zenye kromosomu mara mbili ya kawaida), ndiyo iliyowapa panya wale wa Pparg trofoblasti nzima, inarekebisha trofoblasti lakini si mishipa hiyo. Ikiwa jeni yako inafanya kazi kwenye mishipa ya kondo, mbinu hiyo haitamwokoa mtoto, na utahitimisha kwamba "tatizo ni moyo" wakati nusu ya kondo bado ni mbovu.

Angalieni pia Cre, kimeng'enya kinachotumika kukata jeni kwenye aina fulani ya seli. Tie2-Cre inakata jeni kwenye seli za ndani za mishipa popote zilipo, moyoni na kwenye kondo, kwa hiyo peke yake haiwezi kutenganisha viungo hivi viwili. Sox2-Cre inakata kwa mtoto na kuiacha trofoblasti, ila lazima itoke kwa baba: ikitoka kwa mama, protini iliyomo ndani ya yai inakata kila mahali na jaribio limeharibika bila mtu kujua. Cyp19-Cre ni ya trofoblasti lakini mara nyingi inakata madoadoa, basi pimeni kila kondo kiwango kilichokatwa, msiamini jina la aina ya panya. Njia safi ya kurudisha jeni kwenye trofoblasti pekee ni kuvua ganda la kiinitete cha siku chache na kukiambukiza kwa virusi vya lenti, kwani vinaingia tabaka la nje tu. Hiyo ipo tangu 2007.

EkoYaMoyo

Nakubaliana na kalenda ya Mbegu_na_Moyo kwa matundu na mpangilio wa mishipa mikuu. Siikubali kama sheria ya kasoro zote, kwa sababu zipo zinazoendelea kujijenga baada ya wiki ya 12.

Mfano ulio wazi ni mapacha wanaotumia kondo moja. Mishipa yao inapoungana ndani ya kondo na damu ikamwelemea mmoja, yule mpokeaji ambaye moyo wake ulikuwa umeundika vizuri anaanza kunenepa misuli ya chumba cha chini cha kulia, na njia ya kwenda mapafuni inaweza kubana hadi kuziba. Hii inatokea kati ya wiki ya 16 na ya 26. Jeni za mapacha hao ni zilezile, kilichotofautiana ni kondo na damu iliyopita. Ndiyo maana kila mimba ya kondo moja inahitaji eko (utrasaundi ya moyo) kwa watoto wote wawili, halafu utrasaundi kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Mfano wa pili: vali ya aota iliyobana katikati ya mimba inaweza kuufanya upande wa kushoto ubaki nyuma kukua, na mtoto akazaliwa na moyo wa upande mmoja. Hapo mtiririko unaendelea kuchonga moyo miezi mizima baada ya "ujenzi kwisha".

Kwa binadamu takwimu mbili ndizo ninazozitegemea. Denmark walifuatilia watoto 924,422 waliozaliwa hai kati ya 1997 na 2011, kati yao 7,569 wakiwa na kasoro za moyo. Kondo dogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mimba lilionekana kwenye aina tatu: tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo kwa pamoja), mishipa mikuu yote miwili kutokea chumba cha kulia, na matundu makubwa ya ukuta wa kati. Aina nyingine hazikuonyesha hivyo. Basi msitarajie kila kondo liwe dogo, na likiwa na uzito wa kawaida msiliite zima.

Ya pili ni ya Quebec, Kanada, watoto zaidi ya milioni 1.9 kati ya 1989 na 2012. Mama akiwa na priklampsia (presha ya mimba inayodhuru viungo), kasoro za moyo zilikuwa 16.7 kwa kila watoto 1,000; bila priklampsia 8.6. Zile nzito ziliambatana zaidi na priklampsia iliyoanza kabla ya wiki ya 34. Hapa kuwe na tahadhari: watoto wa akina mama hawa huzaliwa kabla ya wakati, wanapigwa eko nyingi zaidi, na vitundu vidogo ambavyo vingejifunga kimyakimya vinahesabiwa. Sehemu ya tofauti ile inatoka huko. Lakini haiishii huko, kwa sababu akina mama wenye mimba ya mtoto mwenye kasoro ya moyo, hata wasio na priklampsia, wameonekana kuwa na PlGF ya chini kwenye damu. Hiyo ni protini ya kukuza mishipa inayotengenezwa na kondo.

Tuje kwenye moyo kulidhuru kondo, maana LebaZamu aliuliza. Katikati ya mimba karibu theluthi moja ya damu inayosukumwa na moyo inakwenda kwenye kondo. Mimba ikikaribia kutimia ni kama moja ya tano. Moyo wenye pampu dhaifu au njia iliyoziba unapunguza sehemu hiyo, au damu ya kurudi inapata msongamano kwenye vena ya kitovu. Mishipa ya kondo isiyopata mtiririko wa kutosha inaganda damu na vijidole vinakufa mishipa. Ndiyo sababu mabonge ya damu upande wa mtoto yanapatikana mara nyingi kwenye makondo ya watoto hawa. Ukiyaona, jibu la uaminifu kwenye ripoti ni "yanaendana na mtiririko hafifu upande wa mtoto". Usiandike kwamba ndiyo yaliyosababisha kasoro.

KisuNaKioo

Nachukua swali la pili. Andikeni utaratibu wenu juu ya makubaliano ya Amsterdam ya kuchunguza kondo, yaliyochapishwa 2016, ndiyo lugha ambayo wataalamu wa patholojia wa nchi nyingi wanasomeana. Nitasisitiza pale panapoharibika mara nyingi.

Ridhaa kwanza, na iombwe kliniki, isisubiri uchungu. Familia nyingi zinalitaka kondo kwa ajili ya kulizika, na wana haki nalo. Waelezeni kwamba mnahitaji vipande vidogo na kwamba sehemu kubwa itarudishwa siku hiyohiyo ikiwa hamjaiweka kwenye fomalini. Wakipokea lililokwisha kulowekwa fomalini, hilo si la kushikwa kwa mikono mitupu, na waambiwe.

Likitoka, liwekwe kwenye ndoo safi yenye mfuniko, kavu. Msilitie maji, yanapasua seli nyekundu na kuongeza uzito. Msilitie spiriti. Kama mpimaji hayupo, friji ya nyuzi 2 hadi 8 inatosha, na histolojia itasomeka vizuri kwa siku 3. Msiligandishe zima kwenye friza: barafu inavunja tishu na kioo cha hadubini kitakuwa na ukungu mwekundu tu.

Kupima uzito kunafanywa kabla ya fomalini, kwa sababu fomalini huongeza uzito. Kateni kitovu pale kinapoingia, kateni utando wote ukingoni, ondoeni mabonge ya damu yaliyolegea upande wa mama, ndipo muweke kwenye mizani inayosoma gramu moja moja. Uzito wa kondo lenye kitovu na utando haulinganishwi na majedwali ya makondo yaliyosafishwa, utawapotosha. Makondo mengi ya mimba iliyotimia yakisafishwa hivi yana gramu 400 hadi 600, na uzito wa mtoto ni kama mara saba ya uzito wa kondo. Likiwa chini ya pasentaili ya 10 kwa wiki za mimba (yaani jepesi kuliko makondo 90 kati ya 100 ya wiki hizo) andikeni "dogo".

Kitovu kina siri zake. Pimeni urefu wote pamoja na kipande kilichobaki kwa mtoto, na umbali kutoka kinapoingia hadi ukingo wa karibu. Kikiingia kwenye utando badala ya kwenye kondo lenyewe, angalieni kama mishipa iliyo wazi imechanika. Hesabuni misokoto na mgawanye kwa urefu: kawaida ni karibu msokoto mmoja kila sentimita 5, zaidi ya mitatu kwa sentimita 10 ni mingi, chini ya mmoja kwa sentimita 10 ni michache. Mishipa ihesabiwe kwenye mkato ulio sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye kondo. Karibu na kondo ateri mbili huungana, na mtu akikata hapo anaona moja, anaandika "ateri moja ya kitovu", na mtoto anabebeshwa kasoro asiyokuwa nayo. Ateri moja ya kweli ina maana kubwa kwa mtoto wa moyo, kwa hiyo ithibitishwe kwenye kioo.

Kisha likateni kondo zima kama mkate, vipande vya sentimita 1, kutoka upande wa mama, bila kutenganisha vipande kabisa. Tafuteni sehemu nyeupe ngumu, nyekundu iliyokolea, mabonge ya tabaka tabaka. Andikeni asilimia ya kondo iliyoathirika kwa makisio ya macho.

Vipande vya histolojia, kwa uchache, ni kaseti nne (visanduku vidogo vya kuwekea vipande). Ya kwanza: utando uliokunjwa kama mkeka kuanzia ulipopasukia hadi ukingoni, pamoja na mikato miwili ya kitovu, mmoja wa upande wa mtoto na mmoja sentimita 5 kutoka kinapoingia. Ya pili hadi ya nne: tishu yenye sura ya kawaida, unene wote kutoka upande wa mtoto hadi wa mama, kutoka theluthi mbili za katikati, na kipande kimoja kiwe karibu na kitovu. Ukingoni msichukue, pale kuna mabadiliko ya kawaida yanayofanana na ugonjwa. Kila doa lisilo la kawaida lipate kaseti yake ya ziada. Kwa watoto wa moyo mimi huongeza mbili zenye mishipa mikubwa ya uso wa upande wa mtoto, kwa sababu mabonge ya damu yanakaa humo na mkato wa kawaida huyakosa.

Fomalini: mililita 100 za fomalini kali (asilimia 37 hadi 40), maji yaliyokenekwa (distilled) mililita 900, sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili gramu 4, na ile yenye hidrojeni moja gramu 6.5. Bila chumvi hizi inakuwa na asidi na kuacha vumbi jeusi kwenye kioo. Ujazo uwe mara kumi ya tishu, saa 24 hadi 48. Kulitumbukiza kondo zima kwenye ndoo ya fomalini ndilo kosa ninaloliona kwenye vituo vingi: dawa inapenya kama milimita moja kwa saa au chini ya hapo, na katikati kunaoza huku nje kumekauka.

Kwenye kioo tafuteni haya. Vijidole visivyo na mishipa: doa dogo ni vijidole 2 hadi 4, la kati 5 hadi 10, kubwa zaidi ya 10. Wastani ukifikia vijidole 15 au zaidi kwa kila kioo, huo ni mtiririko hafifu wa daraja la juu. Ukuaji uliochelewa: vijidole vikubwa, mishipa imekaa katikati badala ya kugusa ukingo, angalau asilimia 30 ya kioo kimoja. Mishipa iliyozidi: kapilari 10 au zaidi kwenye kila kimoja cha vijidole 10, katika maeneo 10 ya lenzi ndogo. Haya matatu ndiyo yanayojitokeza kwa watoto wa moyo zaidi ya mengine. Ila ukuaji uliochelewa ni alama ya kisukari pia, na kisukari chenyewe kinasababisha kasoro za moyo. Bila sukari ya mama kwenye fomu, msomaji wa kioo atapotea.

KlinikiYaWazazi

Swali la tatu. Kuna la kufanya, ila kubwa zaidi liko kabla ya mimba na wiki chache za mwanzo, wakati wengi hawajafika kliniki.

Foliki asidi miligramu 0.4 kila siku, ianze kabla ya kubeba mimba. Kwenye maeneo yetu ya malaria dozi hii ina uzito wa pekee: vidonge vya miligramu 5 kila siku vinapunguza nguvu ya SP (sulfadoksini-pirimethamini, dawa ya kukinga malaria), kwa hiyo mama anayemeza SP za kinga apewe kile cha madini chuma chenye 0.4. Bado naona za 5 zikigawiwa kwa mazoea. SP zenyewe zianze wiki ya 13, kila dozi iachane na nyingine mwezi mmoja, zisipungue tatu, na asipewe anayetumia kotrimoksazoli.

Mwenye kisukari ashushe HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) chini ya asilimia 6.5 ndipo aache uzazi wa mpango. Sukari ya juu katika wiki za mwanzo inagusa moyo na trofoblasti kwa pamoja, na ni sababu mojawapo tunayoweza kuipunguza sana. Chanjo ya rubela itolewe kabla ya mimba, angalau mwezi mmoja. Valproeti na lithiamu zijadiliwe na daktari kabla, mama asizikatize mwenyewe; isotretinoini iachwe angalau mwezi mmoja kabla ya mimba.

Aspirini miligramu 75 kwa aliye hatarini kupata priklampsia, ianze baada ya wiki ya 12 na kabla ya 20. Inalinda kondo na mama. Haizuii tundu la moyo, kalenda iliyotolewa hapo juu inaeleza kwa nini, na mama asiahidiwe hivyo.

Utrasaundi ya wiki 18 hadi 22 isiishie kwenye picha ya vyumba vinne. Tetralojia ya Fallot na mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi inaweza kupita pale ikaonekana ya kawaida. Mpimaji aonyeshe aota ikitoka kushoto, ateri ya mapafu ikitoka kulia na kuipita kwa mbele, halafu picha ya mishipa mitatu kifuani. Kasoro ikionekana, fuatilieni kondo pamoja na moyo: ukuaji kila wiki 2 hadi 4, Dopla (kipimo cha mtiririko wa damu) ya ateri ya kitovu, presha na mkojo wa mama kila hudhurio. Mama huyu yuko kwenye hatari ya priklampsia zaidi ya jirani yake kwenye benchi. Mipango ya kujifungulia karibu na kituo chenye upasuaji wa moyo wa watoto, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kwa walio Tanzania, ianze mapema. Kama mtoto na mama wako salama, msimzalishe kabla ya wiki ya 39 kwa hofu tu. Watoto wa moyo waliotimia wanastahimili upasuaji vizuri zaidi.

LebaZamu

Asanteni sana, wakuu. Nimebakiwa na mawili. Sisi tunachelewesha kubana kitovu kwa dakika moja hadi tatu kwa kila mtoto aliye sawa. Hilo halibadilishi uzito wa kondo? Na malaria ya kondo, inahesabika kwenye mambo ya moyo?

Mbegu_na_Moyo

Malaria: vimelea vya falciparumu vinanasa kati ya vijidole na kumdumaza mtoto, hilo limethibitika. Kwamba vinasababisha kasoro ya moyo, hapana. Irekodini hata hivyo, kwa sababu inapunguza uzito wa mtoto na kubadilisha ule uwiano wa mara saba. Mkiona rangi ya kahawia kwenye fibrini, hiyo ni hemozoini (rangi inayoachwa na vimelea vya malaria), lakini vumbi jeusi la fomalini yenye asidi linafanana nayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha zile chumvi.

KisuNaKioo

Kubana kitovu kunabadilisha, tena si kidogo. Ukichelewa, damu ya kondo inakwenda kwa mtoto na kondo linakuwa jepesi. Ukibana mara moja damu inabaki ndani. Msibadilishe huduma ya mtoto kwa ajili ya mizani. Andikeni sekunde za kubana, na mpimaji aache damu iliyobaki itoke kwenye kitovu kwa dakika kadhaa kabla ya kupima, kila kondo kwa namna ileile.

Friza ya −80 ombeni, lakini isiwazuie kuanza. Ikija, vipande vya jeni vichukuliwe ndani ya dakika 30, sehemu nne za kondo katikati ya kitovu na ukingo. Ondoeni utando wa juu na nyama ya mama chini, suuzeni kwa maji ya chumvi yenye bafa yaliyo baridi hadi damu ya mama itoke, kateni visivyozidi milimita 5 na vitieni kwenye dawa ya kuhifadhi RNA kwenye friji usiku mmoja kabla ya kugandisha. Kipande kinene hakipenyezwi na dawa na RNA inavunjika katikati.

Kwenye fomu msikose: wiki za mimba kwa utrasaundi ya mwanzo, uzito na jinsia ya mtoto, kasoro kamili kwa jina (msiandike "tatizo la moyo"), sukari na presha ya mama, VVU, malaria, dawa alizotumia hadi wiki ya 10, njia ya kujifungua, saa ya kondo kutoka na saa ya kuingia friji. Na kwa kila mtoto wa moyo chukueni kondo la mtoto mmoja mzima wa wiki zilezile, siku zilezile, mpimaji yuleyule, na msomaji wa kioo asijue lipi ni la nani.